Kichwa Nilichonyoa Nikitazama Ukuta

Wadogo zangu wa salle, chumba chetu cha upasuaji,

Siku ile ya kuniaga mlinipa kipaza sauti mkaniambia niseme maneno mawili. Umeme ukakatika kabla sijafika kwenye neno la kwanza, mkapiga makofi kana kwamba nimemaliza, kisha mkakimbilia kuku. Sikukasirika, kuku alikuwa anapoa. Lakini maneno yangu mawili yamebaki tumboni, na mtu wa umri wangu hapaswi kukaa na vitu tumboni. Basi nimevuta kiti hapa Makomeno, kwenye veranda ya nyumba aliyoiacha baba, ninayaandika. Nimeona mapema kwamba yatazidi mawili.

Kazi yangu mnaijua. Miaka thelathini na moja nimenyoa vichwa vya watu kabla daktari hajavifungua, halafu nikavishika visicheze. Habari za kupandishwa cheo sitazigusa, maana niliingia na wembe na nimetoka na wembe. Mshahara nao tuuache ulale. Ninachotaka kuwaachia ni mambo ya kichwa na mgongo kama nilivyofundishwa, pamoja na kosa moja nililolifanya, ambalo hamtalikuta katika vitabu vyenu, kwa sababu walioviandika hawakuoa kwetu.

Nilianza nikiwa kinyozi wa kweli. Nilikuwa na kibanda mtaa wa Hewa Bora, chenye kioo kimoja na kibao kilichochorwa vichwa vinne. Mchoraji alikuwa rafiki yangu, ndiyo sababu vichwa vyote vinne vilikuwa vibaya. Siku moja alikuja mzee mwenye manundu kichwani, na nyuma yake kwenye benchi alikaa bwana mwembamba mwenye miwani, anasubiri zamu. Nilimnyoa yule mzee kwa wembe, nundu baada ya nundu, bila kumtoa tone la damu. Nilipomaliza, yule bwana hakukaa kwenye kiti. Alinishika mkono akaugeuza kama mtu anayenunua muhogo.

"Weye, hii mukono ulifundishiwa wapi?"

"Hapa hapa, Papa. Ku bichwa ya bantu."

"Basi kuya ku kwangu. Kule kuko bichwa mingi, na benyewe habalalamikake."

Ndivyo nilivyojuana na Docteur Anselme, mpasuaji wa vichwa na migongo. Aliyekuwa akimnyolea wagonjwa aliwakata hovyo, na ngozi ya kichwa ikikatwa inavuja kuliko bomba la mtaani kwetu, tena mkwaruzo mmoja tu unaweza kufungulia uchafu njia ya kuingia ndani. Mimi sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba mteja asiyelalamika ni bahati.

Siku ya kwanza waliniletea dereva wa taksi aliyegonga nguzo. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho nusu wazi. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikamuuliza kama nilivyozoea, "Tata, unataka coupe gani?" Akafikiri kidogo. "Fanya dégradé," akasema. "Yulu uache kidogo." Nikafanya dégradé, nywele zikipungua taratibu kuelekea masikioni, tena kwa moyo wote, na pembeni nikampigia mstari. Docteur akaingia, mikono imeshanawishwa ameiinua juu, akasimama akimtazama mgonjwa kwa muda mrefu.

"Célestin, huyu muntu anaenda ku mariage?"

Harusi haikuwepo. Nilinyoa zote. Yule dereva alipona, na mwezi uliofuata alikuja Hewa Bora kunitafuta, akidai dégradé yake.

Aliyenitia adabu ya kazi ni Mama Fébronie, muuguzi wa vyombo. Alikuwa mwanamke mfupi aliyeweza kukutoa nje ya chumba kwa kukutazama viatu. Yeye ndiye aliyenionyesha ile keke ya mkono ya kutobolea fuvu, ndugu wa keke ya seremala, ambayo daktari anaizungusha taratibu hadi mfupa ukubali. Alinifundisha wembe mpya kwa kila kichwa, sabuni kwanza, na kunyoa kufuata mlalo wa nywele. Na kuna sheria nyingine ambayo ninawaomba msiiache: nywele za mgonjwa hazitupwi. Zinatiwa kwenye bahasha, jina linaandikwa juu, familia inakabidhiwa. Watu wetu wanataka kujua nywele zao zimelala wapi. Ukimwambia mama wa mgonjwa kwamba umezitupa, atakuangalia wewe kuliko atakavyomwangalia daktari aliyetoboa fuvu.

Ubongo niliuona kwa mara ya kwanza wiki ya pili. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kikubwa, maana ndani yake mnatoka sheria, madeni na nyimbo za kanisani. Nikaona kitu cha rangi ya uji, chenye mikunjo, laini kama avoka iliyoiva, kinapiga taratibu kufuata moyo. Nikamwambia Docteur kwamba nilidhani kitakuwa kigumu. Akajibu kwamba vya watu wengine ni vigumu, lakini hao hawaji kwetu, wanakwenda kwenye siasa.

Alinifundisha sehemu zake kwa kututumia sisi wenyewe. Nyuma kabisa ya kichwa ndiko tunakoonea: ukipigwa kisogoni unaona nyota, ingawa macho yako mbele. Chini yake kuna ubongo mdogo, mwenye kazi ya kukufanya usimame na utembee bila kuyumba, na huo ndio lutuku, ile pombe kali ya mtaani, inaoutafuta kwanza. Stajière wetu mmoja, mwanafunzi wa mazoezi, alikuja asubuhi ya Jumatatu, Docteur akamwambia agusishe kidole kwenye pua yake. Aligusa pua ya Mama Fébronie. Katikati, pale ubongo unapoteremka kuwa mgongo, kuna shina, na hilo linapumua kwa niaba yako hata ukiwa umelala misani. Upande wa kushoto, kwa watu wengi, ndipo yanapokaa maneno. Na mbele, nyuma ya paji la uso, ipo breki. Hiyo ndiyo inayokuzuia kumwambia shemeji yako unachokifikiria.

Lakini somo lililoniingia zaidi ni la njia panda. Baba yangu alikuwa aiguilleur wa reli huko Kabalo, yule mtu anayevuta chuma ili treni ihame njia. Docteur alipolijua hilo alifurahi kama aliyeokota kitu. "Basi weye utasikia mbio," akaniambia, yaani nitaelewa upesi. Nyuzi za kushoto mwa ubongo zinashuka, zikifika kwenye shina zinahama kwenda kuume, na za kuume zinahamia kushoto. Kwa hiyo mkono wa kuume ukilala, tatizo litafute kushoto mwa kichwa. Nilikuwa nawaimbia hayo wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu: kuume imelala, toboa kushoto. Nawaomba mkumbuke kwamba nilikuwa nayajua. Mtaona ni kwa nini.

Mgongo nao una mambo yake. Ule uti ni mifupa tu, ni ukuta. Ndani yake inapita kamba ambayo Docteur aliiita moelle, nene kama kidole chako kidogo, na humo ndimo zinamopita amri za kushuka na habari za kupanda. Kamba hiyo haifiki mwisho wa mgongo. Inakoma juu ya kiuno, na chini yake mizizi inaelea majini kama vermicelle, zile tambi nyembamba, kwenye supu. Ndiyo sababu sindano ya kuchota maji ya mgongo tunaipiga chini kule: haikuti kamba. Familia nyingi zinaamini sindano ile inamaliza uanaume. Nilikuwa nawatajia ndugu hao watoto wangu sita, kisha nainua shati na kuwaonyesha alama ya sindano niliyochomwa nilipougua kabla hata wa kwanza hajazaliwa.

Si kila siku tulicheka. Tuliletewa fundi wa mabati aliyeanguka kutoka kwenye paa, akatua kwa mgongo. Kichwa kizima, mikono mizima, miguu hakuna. Kamba ilikuwa imekatika katikati ya mgongo, na kamba hiyo haiungwi kama waya. Nilipita karibu yake nikijifanya nina haraka. Akaniita. "Coiffeur, uninyoe. Kichwa yangu ingali inafanya kazi." Nilimnyoa vizuri kuliko maharusi wote niliowahi kunyoa, kisha nikaenda nyuma ya stoo nikalia. Leo ana kibanda cha kutengeneza simu, na kila nikipita ananiambia kwamba mimi nimepoteza nywele zote na yeye bado anazo.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mke wangu Odile ana mama. Jina la mama huyo sitaliandika hapa, na si kwa sababu ya siri ya kazi: sijawahi kulitamka. Kwetu, sisi tunaotoka kaskazini, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye chakula, hamtaji jina, na akimwona njiani anatafuta njia nyingine. Naye mama mkwe vivyo hivyo anajifunika kitenge na kugeuka. Siyo chuki. Ni heshima, na heshima hiyo tulikuwa tumeitunza kwa miaka ishirini na miwili. Akija kututembelea yeye anapita mlango wa mbele, mimi natokea wa jikoni. Akitaka kuniambia kitu anamtuma mtoto: "Ambia baba yako dari iko navuja." Dari iko juu ya kichwa changu, yeye yuko upande wa pili wa pazia, lakini mtoto lazima atembee. Nilikuwa namjua kwa kikohozi chake na kwa mwendo wa ndala zake tu. Hata ningemkuta sokoni nisingemtambua uso.

Miaka minane iliyopita, siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, nilikuwa nakoroga povu langu pale kwenye chumba cha maandalizi. Wakaingiza kitanda. Mama mzee, amefunikwa hadi kidevuni, anasinzia. Nikashika kibandiko cha mkononi kusoma jina, kama mnavyotakiwa kufanya kila mara. Nikaachia ule mkono kama nimeshika pasi.

Nilijua kwamba alikuwa anaumwa. Mwezi uliotangulia aligonga kichwa kwenye mlango wa kabati, akapaka mafuta, akasahau. Baadaye akaanza kutia chumvi kwenye chai, kisha mkono wa kuume ukaanza kuangusha vijiko, kisha mguu wa kuume ukawa unaburuta ndala. Mimi nilisikia ile ndala ikiburuta nyuma ya pazia! Mtu wa kazi hii, nikasikia na nikasema ni uzee. Hilo nalo ni kosa, lakini lililofuata ndilo lililonifanya niandike. Usiku uliopita Odile alikuwa amelala kwa mama yake, asubuhi wakamleta moja kwa moja, na simu yangu ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la nguo. Hakuna aliyeniambia.

Nikamkimbilia Mama Fébronie. "Mama, hii kichwa siwezi. Ni mukwe yangu."

"Njo vile?" akasema, hajainua macho kutoka kwenye vyombo vyake. "Na mwenye kunyoa mwengine eko wapi?"

Hakukuwa na mwingine, mwenzangu alikuwa kwenye matanga Likasi. Nikamwendea Docteur Anselme, ambaye kufikia wakati huo alikuwa mzee mwenye mvi, akitazama picha ya skana dirishani. "Docteur, bukwe..." Hakuniacha nimalize habari ya ukwe. "Célestin, damu inamufinya bongo. Kufika saa sita, kama hatuyaitosha inje, hautakuwa tena na mukwe wa kuogopa. Enda unyoe."

Nikaenda. Kitanda kilikuwa kimesukumwa ubavuni mwa ukuta, bega lake la kushoto likiwa ukutani na mimi nikiwa kuume kwake. Nikamwomba Mama Fébronie jambo moja tu: amgeuze uso mama mkwe utazame ukutani, asinione na mimi nisimwone. Akamgeuza. Juu ya mto ukabaki upande mmoja wa kichwa, unanitazama. Nikapaka povu. Nikakaza macho kwenye ukuta, pale palipokuwa na bango la kunawa mikono, nikanyoa kwa kupapasa. Bango lile nalijua kwa moyo hadi leo. Sikumkwaruza hata kidogo. Nikakusanya nywele kwenye bahasha, na jina, kwa mara ya kwanza maishani, nikamwomba Mama Fébronie aniandikie. Nilijiona shujaa.

Docteur akaingia. Akasimama kama alivyosimama siku ya dégradé.

"Célestin. Mukono gani imelala?"

"Ya kuume, Docteur."

"Basi damu iko upande gani?"

"Kushoto." Nilijibu kwa sauti ya mwalimu, maana huo ulikuwa wimbo wangu.

"Na weye ulinyoa wapi?"

Hapo ndipo nilipotazama. Upande wa kuume ulikuwa unang'aa kama sahani. Ule wa kushoto ulikuwa bado umelala ukutani na mvi zake zote. Docteur alitazama mkono na picha kabla ya kutazama wembe wangu, ndiyo maana hakuna baya lililotokea. Lakini mpasuaji mchovu zaidi, au kijana anayemwamini kinyozi mzee, angetoboa pale palipoandaliwa. Siku hiyo ndipo ulipoanza mshale wa kalamu kichwani, wa kuonyesha upande, na ule utaratibu wa watu watatu kutaja upande kwa sauti kabla ya keke. Mnalalamika kwamba unachelewesha. Sasa mnajua ulikotoka.

"Nyoa kushoto," Docteur akasema. "Na sasa hivi ufungue macho. Hapa hakuna mukwe. Kuko mama anakufa."

Ili upande wa kushoto uje juu, uso wake ulipaswa kunigeukia mimi. Nikamgeuza mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili nikamwona mama mkwe wangu. Ana paji la uso la Odile, lile lile ninaloamka nalo kila asubuhi. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Nilinyoa taratibu, machozi yakinisumbua, nikimwomba msamaha kwa kila mstari wa wembe, na Mama Fébronie, ambaye hajawahi kunifuta hata jasho, akanifuta uso.

Kwa damu ya namna hiyo mgonjwa halazwi kwa dawa ya usingizi, ngozi tu inatiwa ganzi. Docteur alizungusha keke, mfupa ukakubali, na ikatoka damu iliyozeeka, nyeusi na nyepesi kama mafuta ya injini iliyochoka. Ilitoka bila haraka. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Baada ya kitambo ubongo ukaanza kupiga tena, na chini ya shuka kitu kikasogea: mkono wa kuume. Ulipapasa, ukakuta aproni yangu, ukaishika na haukuiachia hadi tulipomaliza. Docteur aliona. Alisema tu, "Njia panda inafanya kazi."

Kesho yake nilipita wodini nimeinamisha kichwa, ninatafuta njia ya ukutani. Nikasikia sauti.

"Célestin, mutoto yangu! Mbona uko natembea sawa mwizi? Kuya, ukaye. Ulikula?"

Odile aliangusha kikombe. Mama mkwe alikuwa ameketi, kichwa kimefungwa bandeji, ananitazama machoni na kucheka. Akaniambia kwamba nakoroma, yeye hunisikia kupitia ukuta akilala kwetu. Akaniambia kwamba alikataa ndoa yetu miezi miwili kwa ajili ya kile kibao changu cha Hewa Bora. "Mi nilisema, muntu mwenye kuandika bichwa mubaya vile, batoto yake batafanana na nini?" Akanishika shavu mbele ya watu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza nyuso kwa aibu.

Familia ikakaa kikao ukumbini. Mkubwa wao, mjomba Gaston, akavaa koti akaenda kumwona Docteur.

"Docteur, shiye tulikuletea mama wa heshima. Sasa anaita mukwe yake na jina, anamushika matama. Heshima ilitoka pamoja na ile damu. Tunaomba uirudishe."

"Papa, mi nilitosha damu tu," Docteur akamjibu, bila kucheka, na najua ilimgharimu. "Bongo yake ilifinywa siku mingi. Sehemu ya mbele njo breki ya muntu. Itarudia polepole. Mungoje."

"Na kama hairudie?"

Docteur akachukua kalamu, akarudi kwa mgonjwa wake. Hilo swali likalala nasi sote. Kila asubuhi Docteur alimpima mama mkwe: taja siku, hesabu kurudi nyuma, gusa pua, finya vidole vyangu. Alifaulu yote. Familia haikujali. Wao walikuwa na mtihani mmoja tu: mukwe akiingia, mama atajifunika? Siku ya tatu, hapana. Siku ya tano, hapana, tena aliniitia biskuti. Mama mdogo mmoja wa Odile akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba yule siye tena dada yao, kwamba hospitali imewarudishia mwili tu.

Nami nina jambo la kuungama, na nimesubiri kustaafu ili niliungame. Nilikuwa na furaha. Mama yangu mzazi alikufa kabla sijajua kufunga viatu. Kila mchana, badala ya kwenda kula, nilikuwa nakwenda kukaa kwenye kile kitanda, na mtu ananiuliza nimekula nini, ananikunja kola, ananisimulia jinsi Odile alivyokuwa mwizi wa sukari. Familia ilipiga magoti kuomba breki irudi. Mimi nilipiga magoti nao, lakini nilikuwa nasema Salamu Maria polepole, isije ikafika haraka. Siku moja nikamfuata Docteur kwenye korido.

"Docteur, ile maneno ananiambiaka, ni yake ao ni ya damu?"

Alivua miwani akaifuta. "Célestin, miaka yote mi nafunguaka kichwa. Ile unaulizia, siyaiona ndani ata siku moja."

Siku ya kumi niliingia na chupa ya chai. Mama mkwe akageuza macho, akaniona. Uso wake ukabadilika. Akavuta kitenge taratibu, kwa mkono wa kuume, akafunika kichwa chote na kugeukia ukutani. Wodi nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mjomba Gaston akamkumbatia Docteur, yule mama mdogo akapiga magoti sakafuni, muuguzi akacheza. Docteur akaandika ruhusa ya kutoka papo hapo. Mimi nilisimama katikati ya furaha yao na chupa yangu ya chai, nikasema ni Betadine, ile dawa ya kusafishia ngozi, imeniingia machoni. Kisha nikafuata sheria ya Mama Fébronie, nikamkabidhi Odile nywele za mama yake: bahasha mbili.

Maisha yakarudi palepale. Mlango wa mbele, mlango wa jikoni, pazia, mtoto wa kutumwa. Nilijiambia kwamba basi, ilikuwa damu.

Baada ya wiki kama sita Odile akaniambia kwamba mama yake ananiita nyumbani kwake, Hewa Bora, niende na wembe. Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimkuta uani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, uso wake karibu kabisa na ukuta wa jirani, mgongo wake kwangu. Kichwa kilikuwa wazi. Mapajani alikuwa na zile bahasha mbili. Hakukuwa na mtoto wa kutumwa, aliwaondoa wote. Nikasimama nyuma yake, mahali ambapo kinyozi anasimama siku zote, na nikagundua kwamba pale hatuonani. Akakohoa kile kikohozi ninachokijua.

"Weye ukuta," akasema, "uliza ule muntu eko nyuma yangu: kitobo iko upande moja, mbona nywele iko na anveloppe mbili?"

Nikauambia ukuta ukweli wote, tangu bango la kunawa mikono hadi swali la Docteur. Nilipomaliza mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka hadi kiti kinalia. Akapangusa macho kwa pembe ya kitenge. "Ukuta, umwambie anyoe yote, pande zote zilingane. Na afungue macho."

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, kwa miaka minane, nimekwenda kumnyoa. Yeye anasema na ukuta, mimi naujibu ukuta. Mjomba Gaston alikuja kukagua mara moja, akazunguka uani, akatafuta kosa la desturi asilipate. Lakini lile neno mama mkwe aliloniita wodini, "mutoto yangu", hakulisema tena, na mimi sikuliuliza. Kwa ukuta nilikuwa "ule muntu", basi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kama kawaida. Nilikuwa nimeleta ile saa mliyonizawadia nimwonyeshe Odile, ambaye alikuwa kwa mama yake. Nikapaka povu, nikaanza na kushoto, kama ninavyoanza siku zote sasa. Nilipofika juu ya sikio akakohoa.

"Ukuta," akasema, "nilisikia kazi yake iliisha."

"Ukuta," nikajibu, "mwambie ni kweli. Niko retraite."

Akainamisha kichwa mbele kidogo, nipate kisogo vizuri.

"Basi umwambie mutoto yangu," akasema, "hii kichwa haiende retraite."